Bustani Aliyoipanda Ajambo kwa Hasira

Ochwo alizikwa Jumamosi. Jumapili mchana, wageni wa matanga wakiwa bado wanatafutana waondoke, kaka yake mkubwa alimwita mjane mbele ya wanaume. Ilikuwa Mukuju, upande wa Uganda, mwaka 2013, mvua za Aprili zimeshika. Wanaume walikuwa wameuzunguka mtungi wa pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyeutoa mrija ili ampe pole.

Kaka huyo aliitwa Bartholomew. Alikuwa mtu wa miraba minne, mkulima wa mtama, na tangu siku Ochwo alipomleta Ajambo kutoka Busia, Bartholomew hakuwahi kumsemesha kwa Kidhopadhola, lugha ya ukoo wao, hata salamu. Alimsemesha Kiswahili, kama mtu anavyomsemesha askari wa mpakani. Ajambo naye, ambaye kwao ni Msamia na Kidhopadhola alikijua vizuri kuliko alivyojionyesha, alimjibu kwa Kiswahili hicho hicho. Miaka yote hiyo Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kugombania, na siku hiyo hakikubadilika.

"Mama Lillian," Bartholomew alisema, "sisi hatufukuzi wewe. Utakaa. Utalima. Mahindi, maharage, mihogo, hiyo ni chakula, na chakula hatunyimi mtu. Lakini hapana panda kitu ya kukaa. Umesikia?"

Ajambo alisikia, na alielewa. Kila mtu pale alielewa. Kitu cha kukaa ni mwembe, ni mfenesi, ni kahawa, kitu ambacho msimu ukiisha hakivunwi kikaisha bali kinabaki na mizizi yake. Anayelima mahindi ni mgeni wa shamba. Anayepanda kahawa amesema shamba ni lake. Ajambo hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Lillian tu, msichana wa miaka kumi na minne, na Bartholomew alikuwa ameshahesabu kwamba msichana ataolewa, mama atazeeka, na kipande cha Ochwo kitarudi kwake kama mbuzi anavyorudi zizini jioni.

"Nimesikia," Ajambo alisema.

"Nimesikia si kukubali."

"Umeuliza kama nimesikia, shemeji. Nimesikia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameuza chakula Malaba, mji wa mpakani, kwenye foleni ya malori, akipita na beseni la samaki wa kukaanga na ugali wa posho kati ya matairi yanayomzidi urefu. Madereva wa kutoka kila pembe walimjua kwa mambo mawili: samaki wake hawakuwa wa jana, na mdomo wake haukuwa na breki. Dereva aliyempapasa akamwambia mkono umemponyoka kwa bahati mbaya alimwagiwa mchuzi wa moto, naye Ajambo akamwambia mchuzi pia umemponyoka. Hakuwa mwanamke wa kupendwa na kila mtu na hakuwahi kutafuta kupendwa.

Wiki mbili baada ya matanga alipanda miche mitano ya maembe na mifenesi miwili, mchana kweupe, barabarani kukipita watu. Asubuhi ya siku ya kumi aliikuta yote imefyekwa usawa wa goti. Imefyekwa kwa panga kali, mara moja moja, na vilele vyake vimepangwa vizuri pembeni mwa mlango wake, ili asije akadhani ni ng'ombe. Mwaka uliofuata alijaribu kahawa, nyuma ya nyumba, mahali pasipoonekana. Kahawa ilikaa miezi mitatu. Akello, mke wa Bartholomew, ndiye aliyeiona alipokuja kuazima kinu. Aliazima kinu, akashukuru, akaondoka, na siku ya pili kahawa haikuwepo.

Ajambo hakwenda kulia kwa mtu. Alikwenda Malaba kuuza samaki wake, na huko, kwenye ukuta karibu na ofisi za mawakala wa forodha, alimkuta mtu aliyepanga vikopo na mifuko ya plastiki yenye mimea. Jina lake Mangeni, Msamia wa Busia upande wa Kenya, mzee mwembamba mwenye kofia ya kanisa. Aliuza maua kwa watu wa hoteli na ofisi.

"Mama, chukua haya," Mangeni alimwambia kwa Kisamia aliposikia lafudhi yake. "Yanapendeza mlangoni."

"Sitaki kupendeza. Yanaishi muda gani?"

"Muda gani? Haya si ya msimu. Kiangazi yanasinyaa, yanalala. Mvua ikija yanaamka yenyewe. Utakufa wewe, yenyewe yatabaki."

Ajambo aliweka beseni chini. "Yana mizizi?"

"Hiyo shubiri, ukitaka kuing'oa baada ya miaka mitatu, tafuta jembe na tafuta hasira."

"Hasira ninayo," Ajambo alisema.

Alimlipa kwa samaki wawili wakubwa na akarudi Mukuju na mfuko wa vichipukizi vya shubiri na vipandikizi vya hibiskasi vilivyofungwa kwa gazeti lenye maji. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha. Kwa sababu Bartholomew alikuwa amekataza mali. Nani angekataza maua? Nani angekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki kwamba mjane amepanda maua?

Alianza mvua za Machi 2015. Alipima hatua zake kwenye mpaka wote kati ya shamba la Ochwo na la Bartholomew, kutoka barabarani hadi kwenye mteremko wa bonde, na akachimba mashimo mapana kuliko yaliyohitajika. Bartholomew alimnyima mavi ya ng'ombe, kwa hiyo siku za soko alitembea nyuma ya ng'ombe wa watu na karai, akizoa yaliyoanguka. Nyuma kabisa aliweka alizeti pori, ile inayokua yenyewe kando ya barabara na hakuna anayeiuza, kwa sababu inarefuka haraka na kuficha nyumba. Mbele yake mtukutu, ule mti mchungu ambao wanawake huchuma majani yake kwa ajili ya tumbo. Kisha hibiskasi nyekundu, kisha shubiri mstari mzima, miiba yake ikielekea kwa shemeji. Katikati, mahali palipokuwa na kichuguu kilichobomoka, alichomeka kigogo cha mbamba-ngoma, mti wa gome la miiba unaotoa maua mekundu kabla ya majani.

Watu walicheka. Walimwita Mama Maua, na si kwa kumsifu. Akello alisema kisimani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanamke mwenye njaa anayepanda maua ama amerogwa ama anaroga. Bartholomew alisimama upande wake siku moja, mikono nyuma, akatazama.

"Unapanda kaburi?" aliuliza.

"Napanda maua."

"Maua watu nakula?"

"Wewe ulifyeka miti ya matunda. Hii haina matunda. Una neno lingine?"

Bartholomew aligeuka. Akaenda zake, na jioni yake mbuzi wake wanne walikuwa ndani ya hibiskasi. Waliila hadi kwenye shina. Ajambo alikata vipandikizi vingine akapanda tena, na mbuzi wakaja tena. Mara ya tatu alimkamata mmoja, beberu mwenye ndevu, akamfunga jikoni kwake siku mbili kwa majani na maji. Akello alipokuja kumdai, Ajambo alisimama mlangoni.

"Toa mbuzi yangu!"

"Mbuzi gani? Huyu amekuja mwenyewe kuazima kinu."

Akello alimtukana kwa Kidhopadhola, akimtukania mama yake na kabila lake na tumbo lake lililozaa msichana mmoja. Ajambo alisikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa Kidhopadhola safi, neno kwa neno, pasipo kukosea hata moja. Akello alirudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji. Miaka yote walikuwa wakimsema mbele yake wakidhani haelewi. Mbuzi alirudishwa, na hakurudi tena kwenye hibiskasi.

Kuhusu ndege na vipepeo, ukweli usemwe: Ajambo hakuwapanga. Hakuwa na habari nao. Mwaka wa pili, alizeti pori ilipokuwa imempita kichwa, aliona viwavi wanene wenye mistari wakila magugu ya utomvu mweupe yaliyojiotea kati ya shubiri, akadhani ni adui mwingine ametumwa. Aliwaponda kwa kandambili, asubuhi baada ya asubuhi, akihesabu kama anayeua kunguni. Alipomsimulia Mangeni kwa kujigamba, mzee alishika kofia yake.

"Mama, unaua vipepeo wako."

"Vipepeo wangu wapi?"

"Hao hao. Kiwavi ndiye kipepeo. Hawali hibiskasi yako, wanakula lile gugu tu. Waache wiki tatu."

Ajambo aliwaacha, lakini kwa kununa, kama mtu aliyelazimishwa kulisha watoto wa jirani. Wiki ya nne aliamka akakuta vipepeo wa rangi ya kutu wamejaa kwenye alizeti, wanafunga na kufungua mabawa, wengi hata ua halionekani. Alisimama na ndoo ya maji mkononi. Hakumwita mtu aone. Siku hiyo alifika Malaba amechelewa, na wenzake walipomuuliza alidai alikuwa na homa.

Baadaye wakaja ndege. Shubiri zilipotoa mikuki yao ya maua ya rangi ya chungwa, kiangazi, wakati mashamba yote yamekauka na hakuna kingine cha kula, walikuja chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda kama sindano ya magunia. Dume mmoja alikuwa na kifua cha kijani kinachometameta, na alikuwa mkorofi kupindukia. Alikaa juu ya mbamba-ngoma akifukuza kila ndege mwingine aliyegusa ua, hata kunguru. Ajambo alimpenda huyo papo hapo. Alimwita Askari. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alitoka na kigoda akakaa dakika chache kumtazama akigombana, na ilikuwa saa pekee ya siku ambayo uso wake ulilegea.

Miaka ikaenda hivyo. Lillian alimaliza shule, akapata kazi ya kuandika karatasi za mizigo kwa wakala mmoja Malaba, akapanga chumba huko. Ukuta wa maua ulinenepa. Mtukutu ulikuwa na shina la ukubwa wa mkono wa mwanamume. Bartholomew alizidi kuuchukia, lakini alikuwa hajui aushike wapi.

Msimu wa mwisho wa mwaka 2021 ndipo alipopata mahali pa kushika. Ndege walivamia mtama wake. Walikuja kwa makundi wakashuka kwenye masuke yaliyoanza kukomaa, na Bartholomew na Akello walishinda shambani wakipiga makopo, sauti zikiwakauka. Nusu ya mtama ilikwenda. Asubuhi moja alikuja hadi kwenye mpaka, jasho likimtoka, akapiga kelele juu ya shubiri.

"Mama Lillian! Hizi ndege zako nakula mtama yangu!"

Ajambo alikuwa anapalilia. Hakuinuka. "Nilizifuga lini?"

"Wewe naziita! Umepanda hii takataka kuita ndege! Unataka watoto yangu walale njaa!"

"Mimi napanda maua, shemeji. Ndege hawaniombi ruhusa. Wewe ndiye mwenye ardhi yote, waambie wewe."

"Nitaua hii kitu. Nakwambia. Nitaua."

"Ua," Ajambo alisema. "Umezoea."

Alhamisi iliyofuata Ajambo alikwenda Malaba. Aliporudi alasiri, harufu ilimpokea barabarani: harufu kali ya dawa ya kuua magugu, ile ya kubana koo. Ukuta wote, kutoka barabarani hadi bondeni, ulikuwa umepuliziwa kutoka upande wa shemeji. Siku ya tatu majani yaligeuka manjano, siku ya sita yakawa kahawia. Hibiskasi zilikauka zikiwa zimesimama. Viwavi walining'inia kama nyuzi chafu. Askari hakuonekana.

Siku hiyo ya kwanza, Ajambo hakusubiri majani yageuke. Aliweka beseni chini, akavuka mpaka kwa mara ya kwanza tangu matanga, akaingia uani kwa Bartholomew. Bomba la kupulizia dawa lilikuwa limeegemezwa ukutani, bado linatiririka. Bartholomew alikuwa anakula. Ajambo alilibeba lile bomba mgongoni, kwa mikanda yake, kama mtu anayekwenda kazini, akatembea hadi kwenye choo cha shimo cha familia ile na akalitumbukiza. Walisikia lilipofika chini.

Bartholomew alikuja mbio na kijiko mkononi. Alimkuta Ajambo amesimama nje ya choo, akijifuta mikono kwa kitenge.

"Shemeji, limeniponyoka," alisema.

Angempiga. Mkono ulikuwa juu tayari. Kilichomzuia ni Akello, aliyemshika kiuno kwa nyuma akipiga mayowe kwamba akimpiga huyu mwanamke atampa kesi, na kesi ndiyo anayoitaka. Akello alikuwa na akili kuliko mumewe.

Lakini kesi ilikuja tu, kwa sababu Bartholomew mwenyewe aliipeleka. Alimshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji kwa makosa mawili: kuharibu bomba, na kufuga ndege waharibifu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ojangole, Mteso, fundi baiskeli mstaafu, mtu wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kukukazia macho muda mrefu kabla ya kujibu. Aliwasikiliza wote wawili kwenye baraza ya nyumba yake. Katibu wake, msichana aliyeitwa Shallon, aliandika kwenye daftari.

"Mambo ya bomba nimeelewa," Ojangole alisema mwishowe. "Mambo ya ndege, mimi sijui ndege. Nitakuja kuona."

Alikuja asubuhi tatu mfululizo, na kigoda chake kwenye baiskeli. Alikaa pale pale mpakani, mguu mmoja huku na mwingine kule. Akello alimletea chai, akakataa. Ajambo alimletea chai, akakataa pia. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2022, mtama wa Bartholomew uliochelewa kupandwa ukiwa na masuke, na ule ukuta uliouawa, ajabu, haukuwa umekufa. Shubiri zilikuwa zimepoteza majani ya nje tu, katikati zilikuwa kijani na mikuki ya maua imetoka. Mtukutu ulikuwa umechipua kutoka chini kwa hasira, vijiti kumi mahali pa kimoja. Hibiskasi ndizo zilizokwenda.

Asubuhi ya tatu watu walikuwa wamejazana kusikiliza. Ojangole aliinuka, akanyoosha mgongo, akaelekeza kidole bondeni.

"Ndege zinazokula mtama ni zile za manjano, kwera, wale wanaosuka viota. Nimeziona siku tatu. Zinalala kule kwenye matete na mafunjo. Bonde lile ni la nani?"

Bonde lilikuwa la Bartholomew.

"Zinatoka kule, zinapita juu ya hii maua, hazitui, zinakwenda kwa mtama. Zikishiba zinarudi. Hizi za huku kwa mama zina midomo ya kunywa asali. Mtama zitaula na nini? Nimeona hata kingine. Hizi ndogo zinaingia kwa mtama yako kutoa wadudu."

Bartholomew alihisi watu wakigeuka kumtazama. Damu ilimpanda. "Mzee, wewe umekuja siku tatu tu! Mimi nimekaa na hii kitu miaka! Tangu elfu mbili na kumi na tano hii mwanamke ananitesa! Miaka saba! Ameanza kule barabarani, akapanda mpaka bondeni, kila mwaka yeye naongeza, mimi naona na macho yangu, kila mtu hapa ni shahidi!"

"Miaka saba," Ojangole alirudia.

"Saba!"

"Tangu barabarani mpaka bondeni."

"Yote!"

"Na ni yeye amepanda. Si Ochwo, si wewe."

"Ni yeye! Na mkono yake!"

Mwenyekiti alimgeukia katibu. "Shallon, umeandika?"

"Nimeandika, Mzee."

Ajambo, aliyekuwa amesimama na jembe lake, alitazama upande wa shemeji. Alimwona Akello kwanza. Kwa akili, Akello alikuwa ameshafika mahali ambapo mumewe alikuwa hajafika. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kisha polepole sana, Bartholomew naye akafika. Ojangole alikuwa anayatazama mashina ya mtukutu, yale manene, akiyagusa kwa ncha ya kiatu.

"Hii ni kitu ya kukaa," alisema. "Mtu amepanda kitu ya kukaa kwenye mpaka miaka saba, jirani anaona, hajaleta neno kwa baraza. Leo analeta neno, na neno lenyewe ni ndege. Basi mpaka ni huu, na ndani yake ni shamba ya aliyepanda. Andika."

Bartholomew alisema ni maua tu. Alisema maua si mali, hata mtoto anajua. Alisema amedanganywa. Alisema kila kitu, kwa lugha tatu, na sauti yake ilipanda hadi ikapasuka, na watu walianza kutazama chini, kwa sababu mzee wa heshima alikuwa analia kwa hasira mbele ya wanawake. Hukumu iliandikwa hivi: Ajambo anunue bomba jipya, Bartholomew asipulize dawa wala kufyeka chochote ng'ambo ya mstari wa shubiri, na kipande chote cha marehemu Ochwo kijulikane ni cha mjane na binti yake. Mashahidi sita walitia sahihi. Mmoja wao alikuwa mjomba wa Bartholomew, aliyekuwa pia na mrija mdomoni siku ya matanga.

Ajambo alinunua bomba. Aliliweka mpakani, jipya, likiwa bado na karatasi ya dukani, akaondoka.

Lillian alikuja Jumapili kusoma nakala ya hukumu. Aliisoma mara mbili, akamkumbatia mama yake, kisha akatoka nje akaupima uwanja kwa macho kama anavyopima mizigo.

"Mama, sasa tunaweza kung'oa haya makorokoro tupande kahawa. Mpaka barabarani! Kahawa ina bei siku hizi."

"Kahawa panda kule nyuma."

"Lakini hapa ndipo penye udongo mzuri. Wewe mwenyewe ulisema maua yalikuwa ujanja tu. Ujanja umefanya kazi, umekwisha."

Ajambo aliyatazama maua. Ilikuwa kweli alisema hivyo. Alisema mara nyingi, kwa kiburi, kwamba angeweza kupanda hata mawe kama mawe yangeota mizizi. Alimtazama binti yake, msichana mwenye viatu vya ofisi aliyesimama kwenye udongo wake mzuri, na kitu kama kile alichozoea kukihisi kwa Bartholomew kikamchoma kifuani.

"Ukigusa ua moja," alisema, "nitakutumbukiza lilipo lile bomba."

Lillian alicheka. Kisha akaona mama yake hacheki, akaacha. Walikula, na Lillian aliondoka na basi la mapema kuliko alivyopanga. Mwezi uliofuata alileta miche ya kahawa, thelathini, akaipanda nyuma ya nyumba, mistari imenyooka. Hawakuzungumzia tena jambo lile.

Bartholomew hakunyamaza, alibadilisha silaha tu. Mvua za mwaka 2023 alipanda kalitusi upande wake, mstari mmoja, hatua mbili kutoka kwenye shubiri, kutoka barabarani hadi bondeni. Hakuna hukumu iliyomkataza. Kalitusi hukua kama mtu anayekimbizwa, na hunywa maji yote ya jirani, na kivuli chake kikianguka juu ya kitu cha maua, maua yanaisha. Alipanda mwenyewe kwa mikono yake, hakuajiri mtu, na kila mche alioshindilia alimwangalia Ajambo.

Basi Ajambo, ambaye sasa amepita miaka hamsini na tano na goti moja linamsumbua, huchimba mtaro. Kila kiangazi hutoka na jembe na shoka, akachimba kati ya mstari wa kalitusi na mstari wake, ndani ya ardhi yake kwa upana wa kiganja tu, kina cha paja, na kila mzizi wa kalitusi unaovuka anaukata na kuurusha upande unakotoka. Hibiskasi amezipanda upya, safari hii nyeupe na nyekundu, vipandikizi kutoka kwa Mangeni. Vipepeo wamerudi. Chozi wamerudi pia, ingawa yeye hawezi kusema kama yule mkorofi wa juu ya mbamba-ngoma ndiye wa zamani au ni mwanawe.

Bartholomew hukaa mlangoni kwake akamtazama akichimba. Hawasalimiani. Mwaka jana alipougua, Ajambo hakwenda kumwona, na Ajambo alipoanguka mtaroni akateguka kifundo, Bartholomew alimwona akitambaa kutoka na hakuinuka. Wote wawili wanajua kwamba mmoja atamzika mwenzake. Shoka linapogonga mzizi, Bartholomew hugeuza uso kidogo, kama aliyepigwa, na Ajambo huliinua tena.